2147483647 si simu ya mteja

Juzi dogo wa fildi kanifuata, laptop mkononi. "Kaka, kuna mteja kajisajili mara mia sita." Nikamuuliza bila kutazama, "Inaanzia 2147, inaishia 3647?" Akanikodolea macho kama nimepiga ramli.

Wadogo zangu, kila msimu mnaniletea namba hii hii. Haya.

1. Ijueni kwa sura. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1: ukomo wa INT ya biti 32, yaani aina ya data ya namba kamili. Kwenye lugha ya Java ukiongeza 1 unatumbukia -2147483648. Hifadhidata ya MySQL iliyolegezwa ukali haikutumbukizi, inakukatia palepale kwenye ukomo na kuacha onyo.

2. Simu ni VARCHAR, yaani maandishi, si INT. Hakuna anayejumlisha simu za watu.

Mimi nilijumlisha. Mwaka wangu wa kwanza, kampuni ya mikopo midogo, simu zote zimekaa kwenye INT: sifuri ya mbele inadondoka, 712345678 inatosha vizuri. Mtoa huduma wa SMS akataka zianze na 255. Kazi ya dakika moja hiyo! UPDATE, amri ya kubadilisha rekodi: simu = simu + 255000000000. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kwenye seva yenyewe, akili imeshapanda daladala. Skrini ikasema rekodi elfu tatu na ushee zimebadilika, na maonyo idadi ileile. La kwanza nikalisoma, la pili nikalifumbia macho, nikaondoka. Jumatatu wadaiwa wote walikuwa mtu mmoja: 2147483647. Hakuna aliyekumbushwa rejesho. Wikendi ile walilala usingizi mtamu. Bakapu ilikuwepo, ya miezi mitano nyuma. Tukashusha fomu za karatasi stoo, mimi na mhasibu, na mama wa usafi akitusomea tarakimu kwa sauti, siku tatu. "Sifuri saba moja" ikanifuata hadi ndotoni. Meneja hakunifokea. Alileta chai, akakaa, akauliza taratibu: "Maonyo elfu tatu, mwanangu. Ulidhani yanakusalimia?"

3. Tarehe. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 inafika ukomo huohuo 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 umeshavuka hapo.

4. Iheshimuni pia. Ni namba tasa, na mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, kwa mkono. Alionyesha kuwa kigawanyo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, kwa hiyo akajaribu namba tasa za aina hiyo tu, hadi 46339. Yeye alisoma kila mstari. Mimi maonyo yalinishinda.

Dogo akauliza kama tumpigie huyo mteja tumsikie. Kwa Marekani 214 ni msimbo wa Dallas, anaweza kupokea mtu kweli. Nikamwambia abadilishe kolamu kwanza.