Ngome aliyolinda babu yetu Mbulushi ni ipi?

SWALI: Salaam alaikum mhariri. Sisi ni Wabulushi wa Mombasa, asili yetu Baluchistan, babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Sultani wa Zanzibar enzi za Seyyid Barghash na alilinda ngome ya pwani, sasa wazee waliobaki wote wanasema ni Fort Jesus. Lakini marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba ngome yenyewe imezungukwa na mikoko, maji yakipwa chombo hakiingii, na watu wa mji ule wanashona viatu vya ngozi. Ni wapi huko, na nitafikaje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Maneno ya bibi yashike sana, maana Fort Jesus unaijua mwenyewe, inatazama mlango wa bahari wenye kina, meli zapita saa zote, mikoko ya kuizunguka hakuna. Ngome ya Lamu nayo iliyomalizwa 1821 iko katikati ya mji, soko liko mlangoni. Mimi naona bibi alikuwa anasema Siyu, kisiwa cha Pate. Kule ndiko kwa mafundi wa ngozi tangu zamani, viatu, mikanda, na ngome iko ukingoni mwa mkono wa bahari, ukuta mrefu wa mawe mbele ya mikoko, maji yakitoka yanabaki matope matupu, chombo kinangoja.

Na miaka pia inakubali. Wasiyu walikuwa wabishi kwelikweli, miaka ya 1840 Sultani Seyyid Said alituma jeshi likapigwa na watu wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mpaka akaja mwanawe Seyyid Majid ndio akaushika mji 1863, halafu Barghash akatawala 1870 mpaka 1888, na mji kama ule hauachwi bila askari, na Wabulushi ndio askari ambao Masultani waliwategemea kwenye ngome zao. Fort Jesus pia walikuwepo, kwa hiyo wazee wako nao wasilaumiwe, huenda alipita kote kuwili.

Kwenda, panda basi mpaka Mokowe, gati ya bara, vuka Lamu, ulale. Jioni ile ile ulizia gatini boti ya Pate inatoka saa ngapi kwa sababu wanafuata maji sio saa ya ukutani, ushuke Mtangawanda kisha uchukue bodaboda mpaka Siyu. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa, waone watu wao pale Lamu kabla hujavuka. Ukifika Siyu tafuta wazee kwanza, kuta utaziona tu.

Kuhusu jina lake, nenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, kuna makaratasi ya enzi za Masultani, mengi ni ya Kiarabu so nenda na mtu anayesoma hati za zamani. Na usiende na "Mbulushi" peke yake, walikuwa wengi mno, nenda na jina lake, la baba yake, la babu yake na ukoo wenu wa Kibulushi, hayo wazee wako wa Mombasa wanayo, waulize wiki hii.