Maswali Yenu: Triathloni Ndefu Ukiwa Dodoma

Mbukwenyi wasomaji. Tangu Simbu wetu wa Singida achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo 2025 naona kila mtu kajigundua ana pafu la ziada, maana maswali mengi safari hii ni ya triathloni, ule mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia unaunganisha tu bila kupumzika. Nimechukua matatu.

Kocha habari. Mimi mtumishi, ofisi iko Mtumba. Nusu marathoni nimeshakimbia, baiskeli ninayo, kuogelea najua kiasi, huwa naenda bwawa la hoteli. Mwakani nataka niingie Ironman nzima. Nianzie wapi? (B., Ilazo)

Nzuri kaka. Nzima iache kwanza. Hiyo ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, halafu ndo unaanza marathoni kamili, na kwa kawaida unapewa saa 17 zikiisha wanakutoa. Hawaii 1978 ilipoanza waliingia watu 15 wakamaliza 12, na mshindi mwenyewe alikaribia saa 12. Anza na nusu: 1.9, 90 na 21.1, na hiyo peke yake utaijua.

Kwako wewe shida sio miguu, ni maji. Bwawa la hoteli mara nyingi ni fupi, unasukuma ukuta, unateleza, unapiga mikono kidogo umeshafika upande wa pili, unajiona samaki kumbe robo ya safari umebebwa na ukuta. Tafuta la mita 25, hapo 1.9 ni kwenda mara 76, na ulipe mtu akufundishe kupumua, hiyo hela itakusaidia kuliko baiskeli mpya. Na tafadhali usiende kujaribia bwawa la Mtera, kule kuna mamba na viboko. Siku hizi kuna treni ya umeme, panda Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi uko baharini Dar na mwenzako anayejua kuogelea kweli, uzoee mawimbi na kutoona chini.

Baiskeli Dodoma ni raha ila upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki. Ukianza na njia ya Bahi unasukumwa unajisifu, kurudi unalia. Mi nasema anza upande wa Chamwino ukiwa na nguvu, urudi unasukumwa, ila uwe barabarani kabla malori hayajachangamka, taa ya nyuma inawaka hata kukipambazuka. Na mara moja kwa wiki ukishuka tu kwenye baiskeli vaa raba ukimbie dakika 15 hapohapo. Mwanzoni miguu itakuwa kama ya kuazima, ndo unachokifanyia mazoezi hicho. Zaidi ya nusu ya mazoezi yako yawe mwendo wa kupiga stori bila kuhema, najua inakera.

Shikamoo kocha. Mume wangu Jumamosi anatoka na baiskeli giza bado, anarudi saa sita, anamaliza sufuria zima la wali analala mpaka jioni. Jumapili tena anakimbia. Hii ni kawaida? (Mama wawili, Kikuyu)

Marahaba mama. Ni kawaida, ndo ubaya wake. Wa nusu anakula saa 8 mpaka 12 kwa wiki, wa nzima anafika 15 na kupita, na zote zinatoka kwenye usingizi wake na zamu yake ya watoto ambayo sasa unaibeba wewe. Mwambie achague siku moja ya wikendi, hiyo mbio ndefu aihamishie katikati ya wiki alfajiri. Asiyeweza kupanga hilo mi simfundishi.

Ila hilo sufuria linaniambia hali kitu njiani. Safari ya saa nne inataka wanga gramu 60 hivi kila saa, yaani ndizi mbili na zabibu kavu kiganjani, na hizo zabibu hapa kwetu ndo nyumbani kwake. Karanga asubiri akirudi, mafuta yanakaa tumboni. Kingine, hewa yetu kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unakuta tu chumvi nyeupe kwenye jezi. Akinywa maji matupu mengi mno chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, anachanganyikiwa, na hiyo inaua. Anunue ORS duka la dawa, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pakiti moja kwa lita moja, asikadirie kwa macho.

Kocha kila nikitoka njia ya Nala pancha ya miba, nabadilisha tyubu inatoboka tena palepale. Tairi mbovu? (Kijana wa Nala)

Tairi nzima, mwiba umebaki ndani. Ya migunga ukiivuta inakatika, ncha inabaki kwenye mpira huioni. Kabla hujaweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kikinasa ndo hapo, toa kwa koleo. Tembea na tyubu mbili na pampu, mazoezini tumia tairi nene, zile nyepesi ziweke za mashindano. Na kiraka kwangua tyubu vizuri kwanza usubiri gundi ikauke, cha harakaharaka kinaachia joto likipanda, na lami ya Dodoma saa saba mchana unaijua mwenyewe.