Maswali yenu: Sanaa, michezo, kompyuta... watoto wanasoma nini hasa huko?

Tangu shule zifunguliwe inboksi yangu imejaa wazazi wa Mtwara na Lindi wanaouliza kitu kilekile, Hisabati na Kiswahili wanazielewa ila hivi vipindi vingine vya kuchora, kuimba, kukimbia na kompyuta hawajui vinaenda wapi. Nimechagua machache nijibu hapahapa, mengine yanafanana.

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko la tatu, ratiba inasema Sanaa na Michezo lakini daftari lake jeupe, kurasa mbili tu ndo zimeandikwa. Wanafundishwa kweli au wanaachiwa tu wacheze?" (Mama, Chikongola)

Marahaba mama. Daftari jeupe kwa somo hili lisikutishe, maana sehemu kubwa ni ya kutenda. Huu ndo mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na humo ndani kuna kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kuimba, kuigiza, ngoma na michezo yenyewe, sasa hayo utayaandikaje daftarini?

Ukitaka kujua kama anafundishwa usiangalie daftari, mpe kazi. Mwambie akutengenezee rangi ya chungwa hana chungwa kwenye boksi lake, aliyefundishwa atachanganya nyekundu na njano bila kufikiri. Mpe miyaa akuanzishie ukili hata wa shubiri moja, au muulize kwenye mbio za kupokezana vijiti anayepokea anafanyaje. Akisema anasimama anamsubiri mwenzie, hapo bado, anayepokea anatakiwa awe ameshaanza kukimbia na mkono uko nyuma. Hata rede ambayo tunaiona ya mtaani tu, yule wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira wa soksi kutoka pande mbili, pale kuna shabaha, wepesi, kuhesabu na kukubali kwamba umepigwa umetoka. Mwalimu anayejua kazi yake anaitumia hiyohiyo.

Ila na mimi nisiwafichie, wapo walimu wanawatupia watoto mpira halafu wao wanakaa kivulini kusahihisha madaftari ya Hisabati. Kama mtoto wa la tatu hajui hata kimoja kati ya hivyo nilivyotaja, nenda shule kaulize, kwa upole, ni haki yako.

"Mwalimu, binti yangu kaambiwa achore barakoa ya midimu kwa ajili ya sanaa. Mjomba wake kaja juu, anasema hayo si mambo ya mtoto na si ya mwanamke. Mimi niko katikati." (Baba, Newala)

Aisee hili ni zito na mjomba usimdharau, huko kwetu mjomba ana neno lake juu ya mtoto na wewe unajua. Anachosema kina msingi. Midimu, wengine wanaita mapiko, ni ngoma ya barakoa ya Wamakonde iliyofungamana na jando na unyago, na zamani wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua ni nani yumo ndani ya ile barakoa. Ilikuwa siri kwelikweli sio utani.

Lakini pia tukumbuke siku hizi midimu inachezwa hadharani, kwenye sherehe na matamasha kama lile la MaKuYa la Makonde, Makua na Yao, watoto wa kike wamekaa mbele kabisa wanapiga makofi. Barakoa za Kimakonde ziko makumbusho za Ulaya mtu yeyote anaingia anatazama. Kwa hiyo kuchora sura ya nje si kuvujisha siri, anachojifunza hapo ni jinsi fundi anavyochonga paji la uso, midomo, chale za usoni, na kwanini barakoa inachongwa kwa mti mwepesi wakati kinyago cha mpingo ni kizito, mtu atacheza nacho vipi kichwani?

Ningekuwa mimi ningempeleka binti kwa mjomba mwenyewe akamuulize, "Mjomba, kipi naruhusiwa kuchora?" Wazee wengi ukiwauliza hivyo wanalegea, wanaanza kukusimulia mpaka usiku. Akikataa kabisa, ongea na mwalimu abadilishe achore kinyago cha ujamaa, kile cha watu wamebebana kuanzia chini mpaka juu, alama haipungui hata moja.

"Mjukuu wangu anasema wamepima mjusi uwanjani kwa kamba. Hiyo ni sanaa, historia, au wanapoteza muda?" (Babu, Lindi)

Shikamoo babu! Hii nimeipenda. Ni yule mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, dinosaria, mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi ikapanda meli, mpaka leo amesimamishwa makumbusho ya Berlin. Kwenda juu ni mita 13 na kitu. Mtoto ukimwambia "mita 13" haimwingii akilini, ila ukimpa kamba ya urefu huo akailaza toka mlingoti wa bendera mpaka anakofika, halafu ukamwambia twiga hafikishi hata nusu yake, hapo macho yanamtoka.

Baada ya kamba wanarudi darasani wanachora, mita moja uwanjani ni sentimita moja kwenye karatasi, mjusi anakuwa wa sentimita 13 na mtu pembeni yake anakuwa wa sentimita moja na nusu. Hapo somo ni uwiano babu, na wamekula Hisabati, historia na uchoraji kwa mpigo. Huyo mwalimu mpelekeeni hata madafu. Na kama wewe ulisimuliwa na wazee wako habari za wabebaji, nenda darasani ukawasimulie, kitabu hakitawapa hiyo.

"Mtoto karudi na vidole vimebabuka, kumbe shuleni walibandika maganda ya korosho kwenye karatasi kutengeneza picha. Nifanyeje?" (Mama, Mtama)

Pole sana mama, mpe pole na mtoto. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanaunguza ngozi, ndo maana wabanguaji wanajikinga mikono kabla ya kushika kazi. Muoshe kwa maji mengi na sabuni, asijishike machoni wala mdomoni, usimtumbue malengelenge, na kama yamevimba au yapo karibu na jicho usisubiri kesho, zahanati.

Halafu mwambie mwalimu, bila ugomvi, huenda katoka mkoa hauna korosho hajui. Vitu vya kubandika vimejaa huku, vifuu vya nazi, makome ya pwani, mbegu za ubuyu, mchanga wa rangi tofauti. Rangi nyekundu wanaipata kwenye mbegu za mzingifuri, nyeusi kwenye mkaa, njano kwenye manjano ya jikoni. Korosho tuwaachie wakubwa.

"Shule yetu haina umeme wala kompyuta hata moja, sasa wanafundishwaje TEHAMA? Si uongo huu?" (Mzazi, Ruangwa)

Nusu uongo, nusu kweli. Kushika kompyuta hawajashika na hilo ni pengo, siwezi kukupamba. Lakini nimeona mwalimu kachora kibodi nzima kwenye ubao wa boksi, kila mtoto ana yake, wanaimbiwa neno wanagusa herufi, wanajua nafasi iko wapi, kufuta kuko wapi. Kuna na mchezo mwingine mmoja anakuwa roboti mwenzie anamtuma kwa maneno tu, hatua mbili mbele, geuka kulia, simama, ukikosea maelekezo roboti anagonga dawati na darasa zima linacheka. Ule ndo mwanzo wa kuandika programu na haujala umeme hata senti.

Pia kuna vile vishikwambi vya sensa ya 2022 waligawiwa walimu, vya kuandalia masomo, ila mwalimu akijiongeza kimoja kinazungushwa kwenye vikundi. Wewe nyumbani kama una simu janja mpe dakika chache amwandikie shangazi ujumbe kamili, herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho, sio "mambo vp". Asikae nayo usiku kucha tu.

"Binti yuko la tano, mwalimu anamtaka timu ya netiboli ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Baba yake anasema atafeli." (Mama, Masasi)

Baba ana hoja kwenye muda tu. Kama alikuwa la tatu 2024 huyo anamalizia la sita mwaka 2027, mwaka huohuo na wale wa la saba wa mtaala wa zamani, yaani mwaka wake wa mwisho uko karibu kuliko mlivyozoea. Muulizeni mwalimu mambo mawili, mazoezi yanaanza saa ngapi na vipindi atakavyokosa akiwa kambini anafidiwa na nani. Majibu yakiwa ya kueleweka mwacheni aende.

Yale mashindano yanaanza shuleni, kata, wilaya, mkoa, ndo taifa, kwa hiyo wengi wanaishia njiani wala hawakai kambini muda mrefu. Taifa yamewahi kufanyika hapahapa Mtwara 2021. Sio mpira tu, kuna riadha, kwaya, ngoma, na wasioona wana mpira wao wenye njuga ndani, wanausikiliza unakotokea wanaudaka, nendeni mkatazame siku moja mtashangaa.

"Ustaadhi wa madrasa hataki mtoto aimbe shuleni." (Baba, Mikindani)

Ongea na mwalimu wa darasa mapema, usingoje siku ya onyesho. Anachopima ni mapigo, sauti na pumzi, na hivyo mtoto anaweza kuvionyesha kwa kasida au hata kwa kupiga makofi. Mwalimu mwelewa hatakataa.

"Ni vibaya nikimchorea mwanangu kazi ya nyumbani? Mkono wake mbaya kweli." (Mama, Tandahimba)

Ni vibaya, na mwalimu anajua, mtoto wa la tatu hachori kivuli cha mtungi vile. Mwache apeleke mbuzi wake wa miguu mitano. Ukitaka kumsaidia mpe kipande cha mche wa sabuni na kijiko achonge samaki, kisu hapana, mkono utakaa sawa taratibu na yale mabaki mnafulia.