Kumi au saba? Darubini kwenye boti ndogo

*Natembeza wageni kwa boti Ziwa Victoria, hapa Kisumu, kutoka Dunga hadi Hippo Point. Darubini yangu ni 10x50, lakini wageni wanalalamika kwamba picha inarukaruka. Ninunue ya 12? – Kijana wa Dunga*

Hapana, tafadhali. Shuka, usipande. Nambari ya kwanza inaonyesha darubini inakuza kitu mara ngapi; ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa, darubini inayomkuza kiboko inakuza pia mtetemo wa injini na mikono ya mgeni. Ndiyo sababu mabaharia wameishikilia 7x50 miaka yote hii. Masikio ya kiboko utayaona vizuri zaidi kwa 7 iliyotulia kuliko kwa 12 inayocheza.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalijali zaidi. Darubini ya 7 kwa kawaida huonyesha eneo pana. Kiboko akizama, hujui ataibukia wapi, na aliyebanwa kwenye kijiduara kidogo cha maji atamwona akiwa amechelewa. Nahodha asitegemee darubini hapo hata kidogo. Macho yake yabaki wazi.

Kabla ya kutoa pesa, jaribu hivi: zima injini, mgeni aketi, viwiko avibane mbavuni. Asiviegemeze kwenye ubao wa boti, maana mtetemo hupandia hapo hapo. Amtafute ndege kwa macho matupu, kisha ainue darubini bila kuondoa macho kwa ndege. Ukiwa umetulia kando ya mafunjo kumtafuta gonoleki, yule wa kifua chekundu na utosi wa manjano, hata 8x42 inafaa sana.

*Nina miaka 58, navaa miwani, na mara nyingi narudi Mbita jua likishazama. Nichukue ipi?*

Mzee wangu, gawanya nambari ya pili kwa ya kwanza. 50 kwa 7 ni kama milimita 7: huo ndio upana wa mwanga unaotoka kuingia jichoni. Mboni ya kijana hupanuka karibu kiasi hicho gizani, lakini kwa umri wetu wengi hufikia kama 5 tu. Basi 7x35 inaweza kukutosha, na shingo itakushukuru. Kwa sababu ya miwani, kunja vile vikombe vya mpira vya machoni, na hakikisha dukani kwamba unaona duara zima. Jioni hiyo tazama sana taa zinazoelea za wavuvi wa omena. Penye taa tarajia nyavu, na propela yako haitaki kukutana nazo.

*Nikiwa na darubini kali, nitaona mtumbwi ulio kilomita 10 mbele?*

Hapana, hata kichwa cha mvuvi aliyesimama hutakiona. Ukiwa umeketi, macho yako yako kama mita moja juu ya maji, na upeo wako ni chini kidogo ya kilomita 4. Kinachofichwa na mviringo wa dunia hakuna lenzi itakayokionyesha. Simama ufukweni, mahali palipoinuka.

*Nimeona darubini ya mitumba soko la Kibuye kwa bei nzuri. Nitajuaje kama ni nzima? – Mama Boti*

Mama, usiikimbilie bei. Tazama nguzo ya stima iliyo mbali kwa macho yote mawili. Ukiona nguzo mbili, au kichwa kikaanza kuuma baada ya dakika chache, irudishe: vioo vya ndani vimehama, na kuvirekebisha si kazi ya mezani. Kisha igeuze, uchungulie kwa upande wa lenzi kubwa ukiielekeza kwenye taa. Nyuzinyuzi kama za buibui ndani ni kuvu. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi, na kuvu kikishaingia hula kioo polepole.

Ukiweza, tafuta isiyoingiza maji, iliyojazwa naitrojeni. Hiyo haishiki ukungu ndani. Usiifungie kwenye mfuko ikiwa na majimaji. Vumbi lipulize kwanza, halafu ndipo upanguse kwa kitambaa laini. Ncha ya leso iliyobeba mchanga wa ufukweni itaikwaruza lenzi siku ya kwanza. Na kamba ivae shingoni kabla hujakanyaga boti.