Nimealikwa Uingereza na nitalipwa: niombe viza gani?

Swali: Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mhadhiri wa fasihi, pia ni mshairi. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kimenialika kutoa mihadhara miwili, na katika wiki ya tatu nitasoma mashairi kwenye kituo cha sanaa. Watagharamia nauli na malazi, na kila upande utanipa honoraria, yaani malipo ya heshima. Mwenzangu aliyewahi kwenda ananiambia niandike "matembezi" tu, habari ya malipo niikalie kimya. Mwingine anasema lazima nipate viza ya kazi yenye mdhamini. Nimfuate nani?

Jibu: Usimfuate hata mmoja, Mwalimu. Wa kwanza anakuponza, wa pili anakubebesha mzigo usio wako.

Nianze na huyo wa pili, kwa sababu zamani angekuwa na hoja. Uingereza ilipoanzisha mfumo wa kuwapima waombaji viza kwa pointi mwaka 2008, msanii aliyekwenda kutumbuiza kwa malipo, hata kwa usiku mmoja, mara nyingi alihitaji mdhamini mwenye leseni, yaani taasisi ya huko iliyoidhinishwa na serikali kuwaleta wafanyakazi wa kigeni. Vituo vidogo vya sanaa havikuwa na leseni hiyo wala fedha za kuitafuta, na mialiko mingi ikafia mezani. Hata wakubwa hawakusalimika: mwaka 2009 mwongozaji filamu wa Iran, Abbas Kiarostami, alijitoa kuongoza opera ya Mozart jijini London baada ya kuchoshwa na usumbufu wa viza. Mwaka 2012 ukafunguliwa mlango mdogo kwa wataalamu wanaoalikwa kwa kazi fupi ya malipo, na tangu tarehe 31 Januari 2024 mlango huo umo ndani ya viza ya kawaida ya mgeni, ile iitwayo Standard Visitor. Hiyo ndiyo yako.

Masharti yake si mengi, ila hayana mchezo. Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi. Kazi iwe imepangwa kabla hujasafiri, uitaje kwenye ombi la viza, na iwe inahusiana moja kwa moja na utaalamu wako na kazi yako kuu huko nyumbani. Mihadhara isiwe ya kuziba nafasi ya mwalimu wa chuo hicho. Halafu kila kinacholipwa kimalizike ndani ya siku 30 tangu uingie nchini. Viza yenyewe inaweza kukuruhusu kukaa hadi miezi 6, na hapo ndipo wengi hujikwaa: wanaona miezi 6 kwenye pasipoti wanadhani wanaweza kulipwa kwa miezi 6. Wiki yako ya tatu inaingia vizuri. Kituo cha sanaa kikisogeza onyesho hadi wiki ya sita, heshima hiyo ya fedha usiipokee.

Sasa huyo wa "matembezi". Barua ya chuo itataja honoraria, fomu yako itasema matembezi, na ofisa anasoma vyote viwili. Kuficha jambo la msingi kunaweza kuhesabiwa udanganyifu, na udanganyifu kwenye ombi huleta marufuku ya miaka 10. Ni bei kubwa mno kwa mihadhara miwili.

Kwa uzoefu wangu, barua ya mwaliko huamua zaidi ya taarifa ya benki. Nyingi huandikwa kwa lugha tamu isiyosema kitu: "tunafurahi kumkaribisha mgeni wetu mashuhuri". Mwombe mwenyeji aandike tarehe, mahali, mada, kiasi cha malipo kwa pauni, nani analipa nauli na nani analipa malazi. Chuo kiandike yake na kituo cha sanaa yake. Uambatishe na barua ya mwajiri wako inayosema una likizo hadi lini na unarudi kufundisha lini, maana swali linalomsumbua ofisa ni kama utaondoka. Kwa msanii asiye na mwajiri hapa pana ugumu wa kweli, na naona kanuni zinamwonea. Mikataba ya maonyesho yanayomsubiri nyumbani humsaidia kiasi.

Jingine dogo: vitabu vyako usivipange mezani ukaviuza mwenyewe. Mgeni haruhusiwi kuwauzia watu moja kwa moja. Mwachie mwenyeji au mchapishaji.

Mdhamini na cheti cha udhamini vinamhusu anayekwenda kufanya kazi ndefu zaidi, kwa mfano mwigizaji wa tamthilia ya miezi 4. Huyo anaomba viza ya Creative Worker, yaani ya kazi za sanaa na ubunifu. Msomi anayekwenda kufanya utafiti wake mwenyewe wakati wa likizo ya kitaaluma anaweza kuomba viza ya mgeni ya hadi miezi 12, na baadhi ya fani za sayansi hudai kibali cha ziada cha usalama.

Unaweza kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 tangu utoe alama za vidole. Usingoje. Ukikataliwa, viza hii kwa kawaida haina rufaa; unaomba upya na kulipa upya. Soma sababu zilizoandikwa, jibu kila moja kwa hati, na kwenye ombi jipya taja kwamba uliwahi kukataliwa.