Siri Mbili Zisifungwe Fundo Moja

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 26, na tangu nibalehe ninavutiwa na wanaume wenzangu, jambo ambalo nyumbani hakuna alijuaye. Kwa miaka miwili sasa ninashinda na njaa mchana kutwa, usiku ninakula kupita kiasi, kisha ninatapika kwa kusudi. Wanaume ninaozungumza nao kwenye simu wanataka kifua cha mtu wa jimu, na mama naye hunisifu kwamba nimependeza tangu nikonde. Mwezi uliopita daktari wa meno aliniuliza mbona meno yangu ya mbele yamelika kwa upande wa ndani. Nikamwambia ni soda. Nikienda hospitalini, je, sitalazimika kusema yote?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na meno, kwa kuwa yamesema kabla yako. Asidi ya tumbo inapopanda mara kwa mara hula enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, hasa nyuma ya meno ya juu, na daktari wa meno mzoefu huijua alama hiyo. Sidhani kama soda yako ilimridhisha. Ukitapika, usipige mswaki papo hapo, maana utaikwangua enameli iliyokwisha kulainika. Sukutua kwa maji tu. Kinachonitia hofu zaidi ni moyo. Kutapika hupoteza potasiamu, madini yanayouwezesha moyo kupiga sawasawa, nayo ikishuka mapigo ya moyo huweza kuvurugika hata kwa kijana anayeonekana mzima, kwa hiyo wiki hii kapimwe damu na umeme wa moyo. Ukizimia, au moyo ukienda mrama, nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo.

Sasa hilo unaloliogopa. Umezifunga siri mbili fundo moja, na ndiyo maana hakuna hata moja unayoweza kuitamka. Sentensi hii yamtosha daktari: “Kwa miaka miwili ninakula kupita kiasi kisha ninatapika kwa kusudi, na nimeshindwa kuacha.” Unayempenda haimhusu siku ya kwanza, hayo utamweleza mshauri utakapomwamini. Najua kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha ngono kati ya wanaume, bado kipo, na kwamba Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta, hivyo tahadhari yako si woga wa bure. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka huo huo wa 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu, na za mwelekeo wake wa kimapenzi pia, kuwa data nyeti, yaani za kulindwa zaidi.

Huenda daktari akashangaa kuona mwanamume. Magonjwa ya ulaji yamezoeleka kuitwa ya wasichana, kiasi kwamba hadi 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliweka kukoma kwa hedhi miongoni mwa vigezo vya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Ya kwako, kwa jinsi ulivyoandika, yanafanana zaidi na bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, ingawa barua haitoshi kuthibitisha ugonjwa.

Wala usidhani kwamba kuvutiwa na wanaume ndiko kunakokuumiza. Mtafiti Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 kwamba walio wachache katika jamii, kama wapendao jinsia yao, huchoshwa na kujilinda kila siku: kupima kila neno, kungoja kugunduliwa, na mwishowe kujichukia kwa macho ya wengine. Tazama kundi jingine la walio wachache, ingawa si lako: katika utafiti uliochapishwa 2015 juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wapatao 289,000, wale ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa walitaja magonjwa ya ulaji kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wote.

Matibabu yenyewe huwashangaza wengi, kwani mshauri hukuanzishia chakula cha asubuhi. Njaa ya mchana ndiyo inayokusukuma usiku, na mlo wa saa maalumu huipunguzia nguvu. Mama naye mwambie tu kwamba unaumwa, unatibiwa, na asikusifu tena kwa kukonda.

Ukishindwa kumkabili daktari mgeni, rudi kwa yule wa meno. Alikwisha kuuliza mwenyewe, na aweza kukuandikia barua ya rufaa.