Tamko la leseni mwanzoni mwa kila faili

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama faili la leseni (lenye maandishi ya masharti ya matumizi) peke yake linatosha kwa programu ya kubadilisha ruhusa za mafaili mliyoiandika wewe na mwenzako wa Arusha. Leseni hiyo ina nguvu, lakini faili moja likinakiliwa kwenda mradi mwingine, anayelipokea hatajua ni la nani wala ana haki gani juu yake. Kwa hiyo andika mwanzoni mwa kila faili la programu mwaka, majina yenu wawili, na mstari mfupi wa kutaja leseni, SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later, ikiwa leseni mliyoichagua ni ile huria ya GNU GPL, toleo la 3 au la baadaye. Katika skripti, mstari wa #!, unaoiambia kompyuta itumie programu ipi kuiendesha skripti hiyo, ubaki wa kwanza. Msimbo mliouchukua kwa mtu mwingine, tafadhali msiondoe jina lake. Na kabla ya yote, mwenzako akubali leseni hiyo kwa maandishi, kwa sababu haki ni yake pia.